Usihesabu Ampea Kwanza: Kuchaji Vepu Bila Kuunguza Nyumba

Mtu akileta sigara ya kielektroniki, yaani vepu, iliyokufa mezani kwa fundi, swali lake la kwanza huwa lile lile: je, kichwa cha chaja ya simu yangu kilikuwa na ampea nyingi mno? Ni swali la haki, maana namba ya ampea ndiyo inayotangazwa kwa herufi kubwa kwenye pakiti. Lakini ukizifungua vepu zilizoharibikia kwenye soketi, moja baada ya nyingine, ampea hazimo miongoni mwa washukiwa wakuu. Kinachoziua ni volti zilizozidi, saketi ya kuchaji isiyokuwa pale ulipodhani ipo, waya mbovu, na tundu lililojaa majimaji.

Fikiria tangi la maji juu ya ploti. Likiwa la lita 1,000 au lita 10,000, kikombe chako jikoni hakijali. Wewe ndiye unayefungua bomba kiasi unachotaka. Ampea zilizoandikwa kwenye kichwa cha chaja ni ukubwa wa tangi. Kichwa cha ampea 3 hakiisukumii vepu ampea 3, kwa sababu kifaa ndicho kinachovuta. Lakini tangi lile lile ukilipandisha ghorofa ishirini juu, presha itapasua bomba. Presha hiyo ndiyo volti. Vepu inayochajiwa kwa USB imetengenezwa ipokee volti 5, na kanuni za USB za kawaida zinataka chaja isitoke nje ya 4.75 hadi 5.25. Hapo ndipo pa kuchunga.

Ndani ya vepu nyingi ndogo mna chipu moja ya kuchaji yenye ukubwa wa punje ya mchele, aina ya 4054 au nduguye mkubwa TP4056. Karibu nayo pana kirezista kidogo kinachoamua mkondo. Kwenye TP4056, kirezista cha kiloomu 1.2 huruhusu ampea 1, cha kiloomu 2 huruhusu takriban miliampea 580, na cha kiloomu 10 huruhusu kama miliampea 130. Chipu hulisha betri kwa mkondo usiobadilika mpaka ifike volti 4.2, kisha hushikilia 4.2 huku mkondo ukipungua polepole hadi ikate. Seli yenyewe ni ya lithiamu: imejaa kwenye 4.2, na ikifika karibu na 3 imekwisha. Vepu nyingi ndogo hubeba seli ya miliampea-saa 400 hadi 650 na kuvuta karibu nusu ampea, kwa hiyo saa moja na nusu hivi inatosha. Saa tatu zikipita na taa haijabadilika, kuna kitu kibaya, na kungoja zaidi hakutakitibu.

Kujua hivyo kunakusaidia kusoma joto. Chipu hizi haziigeuzi nguvu inayozidi, zinaiunguza tu kuwa joto. Betri ikiwa kwenye 3.2 na chaja inatoa 5, tofauti ni volti 1.8, zidisha kwa nusu ampea, unapata wati 0.9 ndani ya kitu chenye unene wa kidole. Betri ikikaribia kujaa, tofauti hiyo inakuwa chini ya volti 1 na mkondo nao unashuka. Ndiyo maana vepu kuwa vuguvugu dakika ishirini za kwanza ni kawaida kabisa. Vepu inayozidi kupata joto kadiri inavyokaribia kujaa ndiyo ya kuogopwa, na ile usiyoweza kuikumbatia kiganjani kwa sekunde tano uichomoe mara moja.

Sasa tuje kwenye kosa linalotatanisha kuliko yote, la betri za mtindo wa kalamu zenye mdomo wa skrubu, ule unaoitwa 510. Hizi huchajiwa kwa kijichaja kidogo cha USB unachokifungia kwenye mdomo wa betri. Vijichaja hivyo vinafanana kama mapacha lakini tabia zao ni mbili. Aina ya kwanza ina saketi ya kuchaji ndani yake, na huandikwa pato la volti 4.2, mara nyingi na miliampea 420. Aina ya pili ni njia tu: inapitisha volti 5 moja kwa moja, ikitegemea kwamba saketi ya kuchaji iko ndani ya betri. Ukichukua betri isiyo na saketi ukaifungia kwenye kijichaja cha aina ya pili, umeipa seli volti 5 bila mlinzi. Ikivuka 4.3 hivi, chuma cha lithiamu huanza kujijenga juu ya anodi, upande hasi wa seli, na upande wa pili huanza kuachia oksijeni. Wakati huo hakuna taa itakayokuonya. Kwa hiyo kijichaja kilichokuja na betri hukaa na betri hiyo. Kikipotea, soma maandishi madogo kwenye betri na kwenye kijichaja kabla ya kununua kingine, au kipime: kikiwa kitupu, mita iliyowekwa kati ya pini ya kati na skrubu itakuonyesha kama ni 4.2 au 5. Baadhi ya vijichaja havitoi kitu mpaka vione betri, hivyo mita ikisoma sifuri usiruke kwenye uamuzi. Na cha kuazima kwa jirani, kirudishe tu.

Vepu zenye tundu la USB-C zina kisa chao, na hiki hakina hatari ila kinapotezea watu pesa. Mtu ana kichwa kipya chenye tundu la C na waya wa C kwa C. Anachomeka vepu, haiwaki, anaitupa. Vepu haikuwa imekufa. Kanuni ya USB-C inasema chaja isitoe umeme mpaka ione rezista ya kiloomu 5.1 upande wa kifaa, ambacho hutakiwa kuwa nazo mbili, na watengenezaji wa vepu za bei ya chini huziacha ili kuokoa senti. Waya wa A kwa C hauna masharti hayo, maana tundu la A, lile pana la USB la kizamani, huwa na volti 5 wakati wote. Kabla hujatupa vepu, ijaribu kwa waya wa A kwa C kwenye kichwa cha kizamani.

Vipi kuhusu kichwa cha kuchaji haraka, cha wati 33 au 65? Kikiwa kizima hakina neno. Huanza na volti 5, na hupanda hadi 9 au zaidi pale tu kifaa kinapoomba kwa lugha wanayoelewana. Vepu haijui lugha hiyo, kwa hiyo hubaki kwenye 5. Lakini jihadhari na waya wa vichwa vitatu, ule unaouzwa kila kona ya mji, wenye C, micro na cha iPhone kwenye shina moja. Ndani yake nyaya za umeme zimeunganishwa pamoja. Ukichomeka simu kwenye kichwa kimoja na vepu kwenye kingine, simu inaweza kuomba volti 9, chaja ikakubali, na vepu ikapokea 9 ambazo haikuziomba. Chipu ya TP4056 mwisho wake ni volti 8. Ikibahatika, itakufa na kukata. Isipobahatika, itakufa ikiwa imeacha njia wazi, na umeme wa chaja uende moja kwa moja kwenye seli. Waya wa shina moja uchaji kifaa kimoja kwa wakati mmoja.

Kichwa kinachofaa kuliko vyote kwa kazi hii ni kile ambacho watu wamekitupa kwenye droo: kichwa kidogo halisi cha simu ya zamani, volti 5 na ampea 1, tundu la A. Hakijui kupanda volti hata kikiombwa. Kama huna, tundu la kompyuta linatosha; la USB 2.0 limewekewa kikomo cha miliampea 500 na la 3.0 miliampea 900, na lina ulinzi wake. Tundu la runinga pia hufanya kazi, ila mengi hukata umeme runinga ikizimwa. Kwenye kompyuta ya ofisi au ya saiba, tumia waya wa kuchaji tu usio na nyaya za data. Kifaa usichojua kimetoka wapi hakina sababu ya kuongea na mashine ya mtu.

Ukienda kununua kichwa kipya Luthuli au kwenye vibanda vya Moi Avenue hapa Nairobi, usidanganywe na boksi. Kishike. Kichwa chenye saketi kamili kina uzito. Chepesi kama kibiriti kimeacha vitu ndani, na mara nyingi kilichoachwa ni ulinzi unaotenga upande wa volti 240 na upande wa volti 5. Pini ziwe tatu za kwetu, zile za mstatili, na zisicheze. Kichwa cha pini mbili kinachoingizwa kwa kufungua tundu la juu la soketi kwa kalamu hukaa kimelegea, na palipolegea pana cheche. Tafuta alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na maandishi yanayosomeka ya volti na ampea, ukijua kwamba stika nayo huchapishwa. Kwa hiyo kipime. Mita ndogo ya USB inayochomekwa kati ya kichwa na waya haina gharama kubwa, na katika mambo yote yaliyotajwa hapa ndicho kifaa cha kununua kwanza. Angalia volti bila mzigo, halafu ukiwa umechomeka kifaa kinachovuta karibu ampea 1. Kikishuka hadi 4.6, vepu itachaji polepole na basi. Kikivuka 5.5 kwenye tundu la kawaida la A bila mzigo, usikitumie tena.

Pana kipimo kingine usichokihitajia mita. Vichwa vingi visivyo na waya wa ardhi huvujisha umeme kidogo sana, na ukigusa chuma cha kifaa unahisi kama unatekenywa. Hilo peke yake si ajabu. Lakini mshtuko wa kweli, hata mara moja, maana yake kizuizi kati ya 240 na 5 kimepasuka au hakikuwepo. Hapo ndipo ilipo sababu kubwa ya kutovuta vepu ikiwa bado imechomekwa: umeweka mdomoni kitu kilichoungwa na soketi ya ukutani kupitia kichwa usichokijua. Sababu ya pili ni kwamba koili, ule waya unaochemsha majimaji, ikiwaka wakati wa kuchaji, vepu yenye saketi hafifu hushindwa kutofautisha mkondo wa betri na wa koili, na kukata kwake kunavurugika.

Stima ikipotea, chomoa. Si kukatika kwenyewe kunakoua vichwa, ni namna stima inavyorudi, mara nyingine ikipanda na kushuka kabla ya kutulia. Kuzima swichi ya soketi kunatosha. Ngoja dakika chache taa zikishatulia. Kuhusu ekstensheni, watu huogopa bure kwamba vepu itaielemea. Nusu ampea kwa volti 5 ni wati 2.5, si kitu mbele ya pasi. Tatizo ni tundu la ekstensheni lililokwisha kuharibiwa na pasi au hita ya maji, likawa jeusi na kulegea. Kichwa cha chaja kikikaa humo kinapata joto lisilo lake.

Kwenye matatu na magari mambo ni tofauti kidogo. Gari dogo lina volti 12 likiwa limezimwa na karibu 14 injini ikinguruma. Basi kubwa lina 24. Tundu la USB kwenye kiti lina kigeuzi kidogo nyuma yake, na vile vya bei ya chini vina mtindo mbaya wa kufa: transista yake, yaani swichi yake ya ndani, ikiungua ikaacha njia wazi, volti 12 hutokea kwenye tundu la 5. Simu nzuri ina ulinzi dhidi ya hilo, vepu haina. Kwenye boda ni vivyo hivyo, pamoja na mtikisiko na mvua. Ukiwa safarini, chaji vepu kwa pawabenki. Itajizima yenyewe vepu ikikaribia kujaa kwa sababu mkondo umekuwa mdogo mno kuuona, na hilo si hitilafu. Wala usiiache vepu kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani: seli za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa juu ya nyuzi 45.

Tundu lenyewe ndilo linaloharibika kuliko kingine chochote. Majimaji ya vepu ni propilini glaikoli na gliserini, mazito na yenye kunata. Yakivuja hushuka hadi kwenye tundu, yakashika pamba ya mfukoni na vumbi. Yale ya chumvi ya nikotini yana asidi, na pamoja na unyevu huanza kula shaba. Dalili ni pini zenye kijani au nyeusi, na harufu ya kitu kitamu kilichoungua ukichomeka. Zima kifaa, toa podi, yaani kikasha cha majimaji, kwangua kwa kijiti cha meno cha mbao, si pini wala sindano, kisha paka alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi kwa mswaki laini. Acha nusu saa ikauke. Uvujaji huo huo ukifika kwenye kihisi cha pumzi, vepu inaweza kujiwasha yenyewe bila mtu kuivuta. Vepu inayojiwasha usiichaji kabisa, hata kama ni ya bei.

Waya nao. Waya mwembamba wa 28 AWG (namba ya unene wa waya) una karibu omu 0.21 kwa kila mita, na umeme huenda na kurudi, kwa hiyo mita moja inakula volti 0.4 kwenye ampea 1. Chukua mfupi. Ukiona unahitaji kuukunja kwa namna fulani ndipo taa iwake, sehemu iliyokatika ndani inapiga cheche kila ukiusogeza. Usiufunge kwa selotepu.

Wenye vepu kubwa za betri za kutoa, zile za 18650, tundu la USB wangeliachia dharura na kutumia chaja ya pembeni yenye nafasi ya kila seli. Kumbuka kwamba mwili wote wa seli hiyo ni upande hasi. Kinachoutenga na kichwa chanya ni plastiki nyembamba na kipete cha karatasi. Plastiki ikichanika, funika upya kwa plastiki ya kuvuta kwa joto kabla ya kuitia kwenye kitu chochote. Mfukoni iwe kwenye kikasha, mbali na funguo na sarafu. Na seli ya 18650 iliyoandikwa miliampea-saa 9,900 ni uongo mtupu, maana nyingi za kweli zinaishia karibu na 3,500. Aliyedanganya kwenye uwezo hawezi kuaminiwa kwenye ulinzi. Kuhusu vepu za kutupa zisizo na tundu, ambazo watu huzifungua na kulehemu nyaya mbili ili zichajike: seli hizo nyingi hazina ulinzi wowote, na kichwa cha simu kilichounganishwa nazo moja kwa moja ni ile ile volti 5 bila mlinzi.

Mahali pa kuchajia panastahili kufikiriwa, hasa kwenye bedsita. Mlango ni mmoja na soketi mara nyingi iko karibu na kitanda au karibu na mlango. Usichaji kitandani, chini ya mto, wala karibu na neti au pazia. Usichaji pia kati yako na mlango, kwa sababu moto ukianza hapo umefungiwa. Weka vepu kwenye sahani ya kauri au kwenye sakafu tupu ya saruji, upande wa ndani wa chumba na mbali na mtungi wa gesi, na uwe macho hadi taa ibadilike. Chaji ya kulala nayo usiku kucha haina faida yoyote kwa betri inayojaa kwa saa moja na nusu.

Ikivimba, ikizomea au kutoa harufu kali ya kemikali, zima swichi ya ukutani kwanza, usiikimbilie vepu. Umeme ukishazimwa, maji mengi ndiyo yanayopoza seli ndogo. Kitambaa hakizimi kitu. Moshi wake una sumu inayochoma mapafu, kwa hiyo fungua dirisha kama ni rahisi, toka, waite majirani, na upige 999 au 112.

Seli iliyovimba au vepu iliyokufa haiendi kwenye pipa la ploti, ambako itapondwa na kuwaka ndani ya taka. Ziba ncha za seli kwa selotepu, itie kwenye chupa ya kioo au kopo lenye mchanga mkavu, na uipeleke kwa wanaopokea taka za kielektroniki. WEEE Centre hapa Nairobi wanapokea. Na kwa wanaopitia JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi: tangu 2015 kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinakataza vepu kwenye mizigo inayoingia tumboni mwa ndege. Inakaa kwenye mkoba wa mkononi, na kuichaji ndani ya ndege hakuruhusiwi, hata kama kiti chako kina tundu la USB.